Betri ya moyo na nauli ya Ngara
Mwaka 1958 mhandisi wa Sweden, Rune Elmqvist, alitengeneza betri ya moyo ya kwanza kupandikizwa mwilini. Kwa mgonjwa wa kwanza, Arne Larsson, ilizima baada ya saa chache tu. Leo kidude kinachoenea kiganjani hukaa miaka kadhaa chini ya ngozi ya kifua, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hukipandikiza Dar es Salaam. Hongera zao. Ila kifaa hicho hutaka kupimwa kila baada ya muda, na mgonjwa wa Ngara aliyewekewa huko hupanda basi alfajiri, akapita Lusahunga na Nyakanazi, wilayani Biharamulo, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kwa kipimo cha dakika chache. Mitambo ya kutuma vipimo kwa mtandao wa simu ipo. Ianzie huku Ngara, mpakani, si Masaki jijini Dar es Salaam.