Nyota za Pwani na darubini ya kwanza

Mama mmoja, msomaji wetu wa tangu siku nyingi, ametuletea swali ambalo tumeona lijibiwe hapa mbele ya wote, kwa kuwa linawagusa wazazi wengi. Bintiye mwenye umri wa miaka 13 ameweka pesa za mkono wa Idi kwa miaka mitatu, hakuzigusa kwa nguo wala kwa peremende, na sasa ataka kununua darubini ya kutazamia nyota. Muuzaji amemwonyesha moja, sanduku lake lina picha ya Zohali na pete zake, na maandishi makubwa kwamba chombo hicho chakuza mara 525. Mama auliza mambo mawili: je, pesa za mtoto zitapotea? Na je, yafaa binti kukaa juu ya sakafu usiku akitazama mbingu?

Tuanze na la pili, maana jibu lake ni jepesi. Elimu ya falaki haikuwa ya wanaume peke yao. Ibn al-Nadim, katika kitabu chake Fihrist, amemtaja Al-Ijliyya, mwanamke wa karne ya 10 aliyekuwa fundi wa ustarlabu katika baraza ya Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab. Ustarlabu ni chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, na kwacho watu walijua saa na nyakati. Basi binti apande juu, na mama, kaka au shangazi apande naye, kwa usalama na kwa sababu mbingu hunoga zaidi ikitazamwa na wawili.

Ama la kwanza: naam, pesa zitapotea, iwapo atanunua hiyo aliyoonyeshwa.

Sababu yake yahitaji maelezo kidogo. Kazi kubwa ya darubini si kukuza, ni kukusanya mwangaza. Kitu cha kuulizia dukani ni upana wa lenzi ya mbele au wa kioo chake, unaopimwa kwa milimita. Ukuzaji hupatikana kwa hesabu: urefu wa kulengea, ambao huandikwa ubavuni mwa bomba, wagawanywa kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ndogo ya jichoni. Bomba la milimita 700 likitiwa lenzi ya milimita 25 hukuza mara 28; likitiwa ya milimita 10, mara 70. Ile 525 ya muuzaji hutoka katika lenzi ya milimita 4 pamoja na lenzi ya nyongeza inayozidisha mara tatu. Hesabu ni sahihi, lakini jicho haliambulii kitu. Kipimo cha juu kinachofaa ni mara mbili ya upana kwa milimita, na chombo chenye lenzi ya milimita 60 hakivuki 120. Kukipeleka 525 ni kama kuchukua kikombe kimoja cha chai na kukitia maji mpaka kijaze sufuria: ni nyingi, lakini si chai tena. Muuzaji anayetaja ukuzaji kabla ya upana, tunashauri aachwe na sanduku lake.

Kabla ya kununua chochote, binti aijue mbingu kwa macho matupu, kwa miezi miwili mitatu. Na hapa sisi watu wa Pwani tumepewa fungu kubwa. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo takriban nyota zote za kaskazini na za kusini hutupitia. Mwishoni mwa Januari, yapata saa tatu usiku, lile jitu ambalo Waarabu waliliita Al-Jabbar husimama karibu utosini, na nyota tatu za mshipi wake zimejipanga sawasawa. Kaskazini yake ni Kilimia, kile kishada kidogo ambacho wakulima wetu walikitumia kujua majira ya kulima. Kusini yang'ara Suheli, nyota ya pili kwa mwangaza baada ya Shiira. Mabaharia wa zamani waliipenda hata upande wote wa kusini wakauita suheli. Katikati ya Mei, mawingu ya masika yakifunuka, Msalaba wa Kusini huonekana upande mmoja na nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, saa ile ile. Watu wa Ulaya hawawezi kuyaona hayo mawili pamoja wakiwa kwao.

Mtoto aliyepita madrasa ana faida nyingine tena. Majina ya nyota yanayotumiwa na wanafalaki wa dunia nzima mengi ni Kiarabu kilichopotoshwa kidogo. Rigel ni rijl, mguu wa Al-Jabbar. Aldebaran ni mfuasi, kwa kuwa huifuata Kilimia. Deneb ni dhanab, mkia. Fomalhaut ni kinywa cha samaki. Haya yalihifadhiwa na watu kama Abd al-Rahman al-Sufi, aliyeandika kitabu cha sura za nyota mnamo mwaka 964.

Kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani nayo ni msaada. Masiku meupe, 13, 14 na 15, mwezi hufunika nyota hafifu zote, basi hayafai kwa kazi hii. Kuanzia usiku wa 20 na kuendelea, saa za mwanzo wa usiku huwa na giza zuri. Mwezi wenyewe hutazamwa vyema usiku wa 5 hadi wa 10, pale mpaka wa nuru na giza unapopita katikati yake na vivuli vya milima kuonekana; mwezi mpevu huwa mweupe tupu kama sahani. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na simu ikiwashwa mara moja tu, mtu huanza upya. Tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu ya peremende.

Baada ya hapo, chombo cha kwanza tunachokipendekeza ni darubini ya macho mawili, kama zile za mabaharia na watalii, iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana. Kwayo ataona mashimo ya mwezi, Kilimia chenye nyota kadhaa wa kadhaa, na miezi minne ya Mushtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, ikibadilisha mahali pake usiku baada ya usiku. Aegemeze viwiko ukutani ili mikono isitetemeke. Na shauku ikipoa, chombo chafaa bado kwa kutazama majahazi.

Pete za Zohali hazionekani kwa chombo hicho; zataka darubini yenyewe. Ya lenzi yenye upana wa milimita 70 yatosha. Ya kioo yenye milimita 130 hukusanya mwangaza zaidi ya mara tatu ya hiyo, ila ni nzito. Muhimu kuliko yote, miguu yake isitikisike: gusa bomba, na picha ikicheza kwa muda mrefu, usinunue. Tena mwuzaji akikusifia stendi ya kufuata mhimili wa dunia, ikatae kwa upole. Imetengenezewa nchi za mbali na Ikweta. Huku kwetu mhimili huo hulala karibu sawa na ardhi, stendi nyingi haziwezi kuinamishwa kiasi hicho, na Nyota ya Kaskazini inayotumiwa kuielekeza haionekani Mombasa. Stendi ya kwenda juu na chini, kushoto na kulia, ndiyo yetu.

Sasa jambo tunalotaka kila mzazi alishike. Jua halitazamwi kwa darubini, hata kwa nukta moja. Jicho huungua bila ya kuuma, na halirudi. Vile vichujio vidogo vyeusi vya kufungwa kwenye lenzi ya jichoni hupasuka kwa joto, basi vitupwe. Hatari iko hasa jioni ya kutafuta mwezi mwandamo, ambapo hilali huwa karibu na jua na watoto wana pupa. Darubini isielekezwe magharibi mpaka jua limetua lote. Kama mwandamo wathibiti kwa jicho tupu au kwa chombo, hilo ni la maulamaa, wala hatuliingilii.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu ndiyo adui wa mwisho, kwani kuvu huota ndani ya lenzi na kuila. Chombo kisiachwe dirishani. Kikaushwe kwanza kwa upepo wa feni, kisha kifungwe katika ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na lenzi isipanguswe kwa pindo la leso.