Utabiri Unaokubali Kuhukumiwa

Magazeti yetu mengi, na hili halimo nje ya hesabu, humpa msomaji kila asubuhi safu ya nyota zake, ambamo mzaliwa wa Ng'ombe huahidiwa riziki na mzaliwa wa Nge huonywa juu ya hasidi wa kazini, wala sijapata kuona toleo lililorudi juma la pili kueleza ni wangapi waliopata riziki hiyo, au hasidi yule alikuwa nani. Sina ugomvi na safu hiyo, kwani wako waifunguao kabla ya habari za vita, na chai yao huwashukia vema. Hoja yangu ni kwamba uko utabiri wa namna nyingine juu ya nyota hizo hizo, utajao nchi, saa na sekunde, ukataja na kadiri uwezavyo kukosea, nao haupati hata upana wa kidole katika kurasa zetu.

Mathalani Tritoni, mwezi mkubwa wa sayari ya Neptuni, aliougundua Mwingereza William Lassell mwaka 1846, siku chache tu baada ya sayari yenyewe kujulikana. Mwezi huo, ulio mbali nasi kwa kilomita zaidi ya bilioni 4, mara moja moja hupita sawasawa mbele ya nyota iliyo nyuma yake sana, ukaisitiri. Hapo kivuli chake, chenye upana ule ule wa mwezi wenyewe, yaani kilomita 2,700 hivi, hukimbia juu ya mabara na bahari zetu, na aliye nje ya njia yake haoni lolote.

Kuitabiri njia hiyo si kazi ya kubahatisha. Hapana budi mpiga hesabu ajue nyota ilipo na jinsi inavyojongea mwaka hata mwaka; ajue Neptuni ilipo, na Tritoni imefika wapi katika mzunguko wake wa siku zipungukazo kidogo sita, tena uendao kinyume cha sayari inavyojizungusha; kisha asisahau kwamba nuru ya huko hutumia saa nne kutufikia. Na kosa dogo la pembe huwa kosa kubwa la ardhi: igawe digrii moja mafungu 3,600, nawe ukikosea fungu moja tu, kivuli kimehama kilomita 21,000, ilhali dunia yote haina upana wa kilomita 13,000, na watu uliowakesheza na darubini zao watakuwa wamengoja kivuli kilichopita katika anga tupu.

Ndiyo sababu nawasifu wanafalaki wa Ulaya kwa walilolitenda mwaka 2017. Chombo chao Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 kwenda kupima mahali pa nyota, kilikuwa kimekwisha kuipima ile ambayo Tritoni ingeisitiri tarehe 5 Oktoba, lakini orodha mpya ya vipimo haikuwa itoke hata Aprili 2018. Ada ya wanazuoni ni kutotoa hesabu kabla ya kukamilika, nayo ni ada yenye hekima. Walakini kivuli hakimngoji mpiga chapa, basi wakavitoa mapema vipimo vya nyota ile na vya jirani zake, ili kila mwenye kupiga hesabu aisahihishe njia. Usiku ule kivuli kilipita kwa mwendo wa kilomita 17 hivi kwa sekunde, kutoka Ulaya na Afrika ya Kaskazini hata mashariki ya Marekani, na vituo vipatavyo 90 vikaunasa mwanga, vingine vikiwa vya raia wenye darubini zao uani.

Nyota haikuzimika ghafla. Ilififia polepole, kwa kuwa Tritoni ina hewa nyembamba ya naitrojeni ipindayo nuru, na waliokuwa karibu na mstari wa katikati waliona mwanga ukirudi kitambo katikati ya giza lenyewe. Kwa dakika mbili na nusu hivi wataalamu wakapata kujua kwamba kanieneo ya hewa ile ni kama sehemu moja kwa 70,000 ya ile ya hewa yetu, na kwamba, baada ya kuonekana imeongezeka katika miaka ya 1990, imerudi karibu na kipimo alichokikuta msafiri wa vyuma, Voyager 2, mwaka 1989.

Asidhani msomaji kwamba hayo ni ya Ulaya peke yake. Tarehe 14 Novemba 2003 kivuli cha Titani, mwezi mkuu wa Zohali, kilivuka Bahari ya Hindi na kusini ya Afrika. Na Agosti 2018 Wamarekani, pamoja na wanafalaki wa Senegali, walitandaza darubini katika nchi hiyo kukifuatia kivuli cha kijiwe cha mbali kilichokuja kuitwa Arrokoth.

Basi siku njia ya kivuli itakapoangukia pwani yetu, naomba mhariri aipunguze safu ya nyota mistari michache, aweke tarehe, saa, miji itakayopitiwa, kiasi cha shaka na ukubwa wa darubini itoshayo, na kesho yake aweke matokeo. Na aliyekesha Tanga asione nyota ikififia, ilhali mwenzake wa Pemba ameiona, asiachwe nje ya taarifa, kwani ukingo wa kivuli hupimwa kwa hao wawili pamoja.