Nairobi yapiga chafya huku kanuni za hewa safi zikisalia makaratasini

MKAZI wa Nairobi aliyevuka umri wa miaka 30 bila kuujua mzio anapoanza kupiga chafya kila asubuhi, macho yakimwasha na kifua kikimbana, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba ana mafua. La pili ni kwamba mijakaranda imechanua.

Mara nyingi yote mawili si kweli. Mafua ya kawaida hayadumu miezi mitatu. Nayo chavua ya mjakaranda hubebwa na nyuki wala si upepo, hivyo ni nadra kumfikia mpita njia puani. Inayosumbua zaidi ni ya nyasi, ambayo hupeperuka bila kuonekana.

Lakini nyasi zilikuwapo kabla ya jiji. Kilichobadilika ni hewa inayoibeba chavua hiyo.

Utafiti uliofanywa California katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtu mwenye mzio anapotiwa puani chembechembe za moshi wa dizeli pamoja na chavua, mwili wake hutengeneza kingamwili za mzio kwa wingi kuliko anapopewa chavua pekee. Yaani moshi hauwashi koo tu, bali huufunza mwili kupigana na vitu ambavyo awali ulivivumilia.

Mnamo 2007, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu wazima 60 wenye pumu waliotembea kwa saa mbili katika barabara ya Oxford, London, iliyokuwa ya mabasi na teksi za dizeli, na siku nyingine katika bustani ya Hyde Park. Mapafu yao yalidhoofika zaidi barabarani.

Mchuuzi wa barabara ya Tom Mboya hana siku ya bustani. Hushinda hapo kutwa nzima, sawa na askari wa trafiki na makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu. Mwenye gari hufunga vioo.

Si kwamba taifa halina sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za ubora wa hewa zilichapishwa mwaka wa 2014, zikiweka viwango vya moshi wa magari na viwanda. Hata Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikaza kamba mnamo 2021, likipunguza kiwango cha wastani cha chembechembe ndogo kwa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita mchemraba ya hewa.

Kasoro ipo katika utekelezaji. Jaa la Dandora, lililotangazwa kujaa mwaka wa 2001, liliendelea kupokea taka, na kufuka moshi, kwa zaidi ya miaka 20. Matatu nazo hukaguliwa mara moja kwa mwaka. Siku zinazosalia, lori au basi linalotapika moshi mweusi hupita mbele ya afisa yule yule anayekohoa kwa sababu yake, naye hulisimamisha kwa kosa jingine.

Kwa sasa gharama inabebwa na mgonjwa. Hununua tembe za mzio dukani, nyingine zikimfanya asinzie kazini, kisha hurudi kituoni jioni kungoja gari katika moshi ule ule.