Kwenda Mumbai kwa Fedha Kidogo

Wengi wetu Mumbai tunaijua kwa njia moja tu, nayo ni njia ya hospitali. Mtu humsindikiza mgonjwa, akarudi akiwa ameona wodi, duka la dawa na barabara ya kwenda uwanja wa ndege, basi. Mwezi huu tunapenda kulizungumza jiji hilo, lililoitwa Bombay hadi mwaka 1995, kama mahali ambapo baba, mama na watoto wanaweza kwenda wakiwa wazima, kwa fedha waliyoiweka wenyewe, wakarudi bila deni.

Deni tumelitaja mapema makusudi. Fedha ya matembezi haikopwi. Mama anayechukua mkopo wa kikundi ili anunue tiketi ataanza kulipa kitu ambacho kimekwisha kupita, na Januari ada inamsubiri mlangoni. Anzeni mwaka mmoja kabla. Kaeni wawili na karatasi moja: kwanza sadaka, ada na michango ya shule, kisha wazee wa pande zote mbili, kinachobaki ndicho cha kibubu. Miezi mitatu kabla ya safari kibubu kikiwa hakijafikia nauli, ahirisheni. Watoto huelewa wakielezwa ukweli.

Shule zetu hufungwa katikati ya mwaka, Juni na Julai kwa Tanzania, Agosti kwa Kenya, na huo ndio wakati wa masika ya Mumbai. Kusi lilelile linalotupoza sisi Mombasa na Dar es Salaam, ambalo wazee walilitumia kuvusha majahazi kwenda Bara Hindi, likifika kule hugeuka mvua. Mwezi wa Julai peke yake Mumbai hupata zaidi ya milimita 800, wakati Dar es Salaam hupata takriban 1,100 kwa mwaka mzima. Tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja. Treni zilisimama na mamia ya watu walikufa.

Je, tusiende? Tunaona mnaweza kwenda, maana nje ya Desemba nyumba za wageni huwa na nafasi na bei hulegea. Lakini mpango uwe wa mvua. Wekeni siku mbili zisizo na kazi, msipange kuunganisha ndege siku ileile mnayotoka nje ya mji, na kila mtoto awe na ndala za mpira na nguo za akiba. Maji ya mafuriko barabarani wasiyakanyage hata kwa mchezo, kwa sababu hubeba mikojo ya panya inayoleta homa mbaya. Mwenye kidonda mguuni ndiye wa kulindwa zaidi.

Viza ya utalii kwa Wakenya na Watanzania huombwa kwa intaneti. Tumieni tovuti ya serikali ya India yenyewe. Ziko nyingine zinazofanana nayo zinazotoza mara mbili. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano msikiache, na sindano ipigwe angalau siku 10 kabla, kwani anayetoka Kenya au Uganda bila cheti hicho aweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Malazi ndiyo yanayomeza fedha. Gesti nyingi za bei ndogo hazipokei wageni wa nje, kwa kuwa sheria inamtaka mwenye nyumba apeleke taarifa ya kila mgeni serikalini. Ulizeni hilo kabla ya kulipa. Sisi tungeanza kuulizia nyumba za YWCA na za Jeshi la Wokovu, sehemu za Fort na Colaba. Hazina anasa, lakini mama anaweza kulala na watoto wake kwa amani, na mambo mengi ya kuona yako hatua chache kutoka hapo.

Bajaji haziruhusiwi kusini mwa jiji, kwa hiyo huko mtatumia miguu, teksi nyeusi na manjano, na treni. Treni za Mumbai ni rahisi mno, na zina mabehewa ya wanawake peke yao. Tangu mwaka 1992 iko hata treni nzima ya wanawake. Panda humo na binti zako, baba apande behewa lingine, ila mkubaliane kituo cha kushukia kabla ya kuachana. Asubuhi saa 2 hadi saa 5, na jioni saa 11 hadi saa 2 usiku, msithubutu na watoto wadogo.

Chakula hakitawashinda. Kachori ya viazi iliyotiwa ndani ya mkate, wao huiita vada pav, hushibisha mtoto kwa rupia chache. Ile iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi ndiyo ya kununua. Maji ni ya chupa iliyofungwa.

Jumapili mnaweza kusali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Thomas pale Fort, lililofunguliwa mwaka 1718. Na wenye siku ya ziada tunawasihi wapande treni hadi Nashik, kama kilomita 170. Hapo Sharanpur wamisionari wa CMS waliwalea watoto wa Kiafrika waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Jacob Wainwright, aliyesindikiza mwili wa Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874, alisoma huko. Wenzake ndio waliokuja kuanza maisha mapya Freretown, Mombasa, na kengele yao mpaka leo imeacha jina pale Kengeleni. Mtoto anayepita Kengeleni kila siku akiambiwa habari hiyo akiwa Nashik hataisahau.

Sasa zawadi. Hapa ndipo nyumba nyingi huvunja bajeti, na wengine huvunja amani. Mumbai ina vitambaa vya kila namna, na habari za safari zikisikika, shangazi anataka sari, wifi bangili, kikundi cha akina mama sare nzima. Tunashauri hivi: fungu la zawadi liandikwe kwenye ile karatasi ya kwanza, kwa kiasi, na mume alijue. Upande wake na upande wako wapate sawasawa, maana mama mkwe huhesabu, na mama yako pia huhesabu ingawa hasemi. Anayeagiza kitu chake atoe fedha kabla hamjaondoka. Asiyetoa, umwambie kwa upole kuwa mizigo ina kilo zake. Na nunueni siku ya mwisho, baada ya kuweka pembeni nauli ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Mvua ikinyesha teksi hiyo huchukua hata saa tatu njiani, kwa hiyo tokeni mapema na watoto wawe wamekwisha kula.