Stempu za Mwenge: Tutazame Nyuma ya Picha

Wako wenzetu wakusanyao stempu ambao huziona kuwa mapambo tu. Wakipata stempu yenye mkimbiaji na mwenge wa Olimpiki, huibandika kitabuni, hutaja bei yake, na kazi imekwisha. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza. Stempu hutolewa na wenye mamlaka, nao hawachagui picha bure. Natutazame stempu mbili.

Ya kwanza ni ya Ujerumani, mwaka 1936. Mwaka huo ndipo mwenge ulipokimbizwa mara ya kwanza, kutoka Olympia katika Ugiriki mpaka Berlin, ukipitia Bulgaria, Yugoslavia, Hungaria, Austria na Chekoslovakia. Wakimbiaji zaidi ya 3,000 walipokezana. Katika stempu nane zilizotolewa kwa michezo ile, moja ina mchukuzi wa mwenge, nayo yapendeza macho. Lakini serikali iliyoitoa ilikuwa ya Hitler, ambayo mwaka 1935 ilikwisha kuwanyang'anya Wayahudi uraia wao. Tena, kabla miaka mitano haijatimia, majeshi yake yalikuwa yameingia Austria, Chekoslovakia, Yugoslavia na Ugiriki yenyewe. Njia ya mwenge ikawa njia ya majeshi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ya pili ni ya senti 3 tu. Ilitolewa Okinawa tarehe 7 Septemba 1964, siku mwenge ulipofika huko katika safari ya kwenda Tokyo. Ina mwenge na lango la Shurei. Msomaji mwangalifu atauliza: mbona watu hawa walilipa kwa senti za Kiamerika? Ni kwa sababu kisiwa kilikuwa chini ya Marekani tangu vita vya 1945, wala hakikurudishwa Japani mpaka 1972. Lango lenyewe liliangamia katika vita hivyo, likajengwa upya mwaka 1958. Siku ile bendera za Japani zilipepea kando ya njia. Kwa watu wale moto huo haukuwa mchezo mtupu. Walikuwa wakisema wao ni nani.

Mwingine atanijibu kwamba michezo ni michezo, siasa tuwaachie wazee. Namwambia kuwa siasa imo tayari ndani ya picha, na asiyetaka kuiona ndiye adanganywaye upesi. Hata mwenge wa Beijing ulipopita Dar es Salaam mwezi wa Aprili 2008, Wangari Maathai wa Kenya alijitoa katika mbio zile kwa ajili ya haki za binadamu. Wengine waliukimbiza kwa furaha. Mtu aweza kukubaliana naye au asikubaliane, lakini yeye aliuliza kwanza kabla ya kushika.

Sisemi stempu ya 1936 itupwe. La, iwekwe pale inapoonekana. Ila chini ya kila stempu tuandike mistari miwili: nani aliyeitoa, na watu wa nchi ile walikuwa katika hali gani mwaka huo. Kitabu cha namna hiyo, hata kikiwa na stempu 20 tu, kitamfaa mwanafunzi kuliko chenye 2,000 zisizo na neno.