Majoka, Roboti na Paka wa Mombasa

Kila nikitaja kwamba nasoma riwaya za majoka na viumbe wa anga za mbali, kuna mtu hosteli atauliza: "Hivi wewe huna vya kusoma?" Ninavyo, tena vingi. Ila hizi nazo nazisoma kwa uzito uleule, na maoni yangu ni mchanganyiko: nyingine zimenikosha, nyingine zimenichosha.

Tuanze na Fourth Wing ya Rebecca Yarros (2023), ambayo kila mtu anaisifia. Siyo siri, inakwenda mbio. Ni chuo cha kijeshi ambako ukifeli hudisko tu, unakufa. Lakini ukishaifunga, jiulize: watu wa nchi ile wanalima nini? Nani anawapikia hao wapanda majoka? Hupati jibu la maana. Ulimwengu mzima umewekwa kama pazia la nyuma ya mapenzi ya Violet na Xaden.

Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James wa Jamaika (2019) ni kinyume chake. Humo ulimwengu umejaa hadi unafurika: mazimwi, wachawi, mji uliojengwa juu ya miti. Lugha yake ina nguvu za ajabu. Ila kurasa zaidi ya 600 za damu na ukatili, jamani! Niliimaliza kwa ubishi tu.

Iliyonishika kweli ni Rosewater ya Tade Thompson, iliyopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019. Kuba la wageni kutoka nje ya dunia limeota Nigeria. Mara moja kwa mwaka linafunguka, wagonjwa wanapona, na mji umekua kulizunguka. Hapo kuna swali linalotuhusu: mgeni akikuletea dawa ya bure, yeye anataka nini? Kasoro ninayoiona ni msimulizi, Kaaro, na jinsi anavyowatazama wanawake. Najua mwandishi amekusudia, bado inakera.

Halafu ipo The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber (2021), ya hapa hapa pwani yetu. Binti wa Mombasa, Aisha, anaingia baharini kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka anayeongea, kumtafuta babake mvuvi. Mwaka 2022 ilichukua Tuzo ya Ursula K. Le Guin, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Wakirudi nchi kavu mwendo unapungua, lakini naipenda. Kinachoniuma ni kimoja: paka wa Mombasa anaongea Kiingereza.

Msiniambie Kiswahili hakiwezi. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, mtu anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani, anafika kwenye sayari yenye jamii ya haki. K. W. Wamitila akaja na Bina-Adamu! mwaka 2002. Tunakutana nazo wapi? Kwenye mtihani. Tunadesa "sifa tano za riwaya ya majaribio", tunajibu, tunasahau. Kitabu kinachosomwa kwa ajili ya maksi tu hakizai mwandishi.

Kwa hiyo naomba mawili. Klabu yetu ya vitabu ianze na Walenisi muhula huu, isomwe kwa raha, watu wabishane. Na jarida hili litenge ukurasa mmoja wa hadithi fupi za kubuni za Kiswahili, za majini, roboti, chochote. Wabunifu tunao. Wengine wanakesha kuandika kwenye simu zao na hawana pa kupeleka.