Mafuta kwenye nywele za mtoto hayaui, haraka yetu ndiyo ya kuogopa

Wiki hii ni zamu yangu kuandika. Najua wengi mlingoja niandike juu ya posho au juu ya safari za kwenda nchi ya tatu. Leo naandika juu ya mafuta kwenye nywele za mtoto mdogo. Msicheke kwanza. Mwaka jana hiyo kitu ilitufikisha kituo cha afya, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Ilikuwa hivi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Nyuma ya nyumba yetu kuna kijana anatengeneza pikipiki. Mtoto akaingia pale, akachota grisi na mkono, akajipaka kichwa chote kama anavyoona mama akimpaka mafuta kila asubuhi. Akarudi nyumbani anacheka, nywele zimelala na kushikana kama lami. Mama alikuwa shambani. Mkubwa pale nyumbani nilikuwa mimi tu.

Si mnajua kambini? Dakika mbili tu watu wamejaa. Huyu anasema leta sabuni ya unga. Yule anasema nyoa. Mtu mzima mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Kijana, leta mafuta ya taa. Mafundi wanatoa grisi mikononi na nini?" Nikaona ni kweli. Nikaleta, nikammiminia, nikasugua.

Na kweli grisi ilianza kutoka, siwezi kudanganya. Lakini mafuta ya taa yalitiririka machoni na mdomoni. Mtoto akalia, na katika kulia akavuta. Akaanza kukohoa. Usiku akawa anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Asubuhi nyuma ya masikio ngozi ilikuwa nyekundu na imetoa malengelenge. Tukamkimbiza kituo cha afya. Muuguzi akauliza, "Nani alimmwagia?" Mama akanyamaza. Nikasema ni mimi.

Pale ndipo nilifundishwa kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla. Mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu, hata kiasi kidogo, yanachoma ndani na kuleta ugonjwa unaofanana na nimonia. Na kama mtoto ameyameza, usimtapishe, kwa sababu yakipanda tena ndiyo yanapata njia ya kuingia mapafuni. Mpeleke kwa daktari saa ile ile. Petroli ni vilevile, tena mvuke wake unashika moto hata kama mbabula iko mbali kidogo. Wangapi kati yetu wanaogeshea watoto karibu na mbabula?

Mdogo wangu alipona, namshukuru Mungu. Lakini swali lilibaki kwangu: tulikuwa tunakimbilia nini? Kama ile grisi ingebaki kichwani mpaka mama atoke shambani, mtoto asingelala usiku ule akipigania pumzi. Tulikuwa tunakimbilia kuficha aibu. Niliogopa mtu apite aseme, "Ona watoto wa wakimbizi walivyo wachafu." Niliogopa waseme kijana hawezi kuachiwa mtoto. Kwa kuogopa maneno ya watu nikamwagia mdogo wangu sumu kichwani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mafuta kwenye nywele za mtoto si dharura. Tuache kuyatibu kama dharura.

Najua kuna mtu atasema, "Wazee wetu walitupaka mafuta ya taa kichwani kuua chawa, na tuko hapa." Ni kweli, hata bibi yangu alifanya. Lakini anayesema "tuko hapa" ni yule aliyebaki. Yule ambaye hakubaki hawezi kuja kutoa ushahidi. Na wazee wetu wenyewe hawakutufundisha kushika jambo kwa sababu ni la zamani tu. Walitufundisha pia kwamba haraka haraka haina baraka.

Sasa niwaambie ya mwaka huu. Dada yangu mkubwa alienda Mbarara kutafuta biashara ya vitenge, akaniachia binti yake wa miaka miwili. Nilikuwa nafua. Kimya kikazidi, na nyinyi mnaolea mnajua kimya cha mtoto maana yake nini. Nikaingia ndani nikamkuta amekaa chini na kopo la vaselini katikati ya miguu. Kopo lilikuwa karibu limeisha. Vaselini yote iko kichwani, kwenye nyusi, mpaka ndani ya sikio. Akaniangalia akasema, "Mjomba, nzuri!"

Safari hii nilifunga mlango. Kwanza nikamfuta mikono asijipake machoni, nikamfuta sikio kwa nje tu na kitambaa, bila kuingiza kitu ndani. Halafu nikakaa nikafikiri.

Maji peke yake hayasaidii. Ukimwaga maji juu ya vaselini yanateleza na kukimbia kama juu ya jani la magimbi. Vaselini inatoka kwenye mafuta ya ardhini, ndugu yake petroli, na kazi yake ndiyo hiyo, kuziba maji yasipite. Ndiyo maana tunajipaka midomoni wakati wa kiangazi. Ukianza na maji, utamaliza bidoni nzima na nywele zitabaki vilevile. Na bidoni kwetu si mchezo. UNHCR inalenga kila mtu apate lita 20 kwa siku, yaani bidoni moja ya njano kwa kila kitu: kunywa, kupika, kuoga, kufua. Nyinyi wenyewe mnajua foleni ya bomba ilivyo.

Nilichofanya ni hiki, na mtu yeyote anaweza.

Kwanza, nilipunguza kwa ukavu. Nilichukua kitambaa kikuukuu nikawa nabana nywele fungu kwa fungu, navuta kuelekea nje. Sikusugua, kwa sababu kusugua kunapeleka mafuta chini kwenye ngozi. Hapo peke yake nusu ya vaselini ilitoka.

Pili, nilipaka mafuta ya kupikia, vijiko viwili. Najua inaonekana ujinga, kuongeza mafuta juu ya mafuta. Lakini vaselini haikubaliani na maji, inakubaliana na mafuta mwenzake. Ukiyachanganya polepole na vidole inakuwa nyepesi, inaachia nywele. Nikabana tena na kitambaa kingine. Na kwa nywele zetu za kipilipili huu ndio wakati mzuri wa kufungua mafundo na vidole, kwa sababu zinateleza.

Tatu, unga. Nilichukua unga wa muhogo, ule laini, konzi moja. Nikatoka nje, nikamfunika uso na kitenge, nikauweka kwanza kwenye kiganja changu, ndipo nikaupapasa kichwani. Usiumwage kutoka juu ukatimka, mtoto atauvuta. Poda ya watoto pia ni hivyo hivyo, madaktari wa watoto hawapendi itimke karibu na pua yao. Nikamwacha robo saa na ndizi mkononi. Unga unanyonya mafuta yaliyobaki. Halafu nikachana na kitana cha meno mapana, kuanzia kwenye ncha kurudi kwenye shina.

Nne, sabuni kabla ya maji. Hapo ndipo wengi tunakosea. Sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji. Ukilowesha nywele kwanza, maji yanasimama katikati na sabuni haifiki vizuri kwenye mafuta. Nilipaka kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye nywele kavu, nikakanda, ndipo nikaongeza maji kidogo kidogo. Kama huna, chukua sabuni ya kipande, itoe povu zito kwenye kopo, tumia hilo povu. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo, ni kali kwa ngozi na macho ya mtoto.

Kusuuza, nilimlaza mapajani, kichwa kimeelekea nyuma juu ya beseni, kitambaa kimekunjwa kwenye paji la uso. Maji ya uvuguvugu, nimeyapima na kiwiko. Msidhani maji ya moto yatayeyusha haraka. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, na maji ya nyuzi 60 yanamuunguza vibaya kwa sekunde chache tu. Nikarudia sabuni mara ya pili, basi. Maji yote hayakuzidi lita tano. Nikamaliza na tone la mafuta mkononi, kwa sababu sabuni ile inakausha nywele.

Zilikuwa zimetakata zote? Hapana. Kisogoni palibaki pazito. Nikapaacha. Kesho yake nikarudia, siku ya tatu hakuna kitu. Katikati ya hapo mtoto alicheza nje na kichwa chake kinang'aa, na watu walisema walichosema. Hakuna aliyekufa kwa maneno yao.

Kuna mama jirani yetu, wa kutoka Burundi, aliniona na ule unga akanigombeza: "Mwanangu, chakula unapaka kichwani?" Nilimpa haki yake. Katika nyumba ambayo unga unapimwa kwa kikombe, konzi moja ni kitu. Kama huna, ruka hatua hiyo, ongeza kitambaa na ongeza siku. Au tumia ule uliomwagika chini wakati wa kutwanga. Mawese yenyewe, yakimwagikia mtoto, ni mepesi kuliko vaselini. Kitambaa na sabuni mara mbili vinatosha, ila rangi yake itabaki kwenye kitambaa.

Kuhusu kunyoa, sisemi ni dhambi. Lakini usifanye wakati mtoto analia na kichwa kinateleza, wembe utamkata. Usitumie wembe uliotumika kwa mtu mwingine. Na usinyoe mtoto wa mwenzako bila kumuuliza. Kwetu kuna watu wanaonyoa wakati wa msiba. Mama akitoka safari akute kichwa cha mwanawe kimenyolewa, fikirini ni kitu gani kitapita moyoni kabla hamjafungua mdomo.

Na grisi ya pikipiki na oili chafu je? Hapo nakubali usikae siku tatu. Oili iliyotumika ina uchafu wa chuma na sumu nyingine, na mtoto anapeleka vidole mdomoni. Anza siku hiyo hiyo: mfute mikono na uso kwanza, kisha kitambaa, mafuta ya kupikia, sabuni, rudia. Njia ni ile ile. Akiwa ameila, au ngozi imewaka, au anakohoa, nenda kituo cha afya. Nanyi mafundi wa pikipiki, kaka zangu, funikeni makopo yenu na myaweke juu.

Kitu cha mwisho. Nilipomwambia rafiki yangu kwamba nimeosha nywele za mpwa wangu siku tatu, alinicheka: "Hiyo ni kazi ya wasichana." Ndugu yangu, angalia kambi yetu. Ni vijana wangapi wa kiume wanaolea wadogo zao kwa sababu wazazi walibaki njiani, au wako shambani, au wako kliniki? Lakini wakija kufundisha malezi wanaitwa dada zetu, sisi tunaitwa kwenye mpira. Halafu siku mtoto anajipaka grisi, anayekuwa nyumbani ni mimi, na ninachojua ni kile nilichosikia kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Naomba kundi letu lifanye jambo moja dogo. Tunakutana kila Jumamosi. Mara moja kwa mwezi tutoe nusu saa, wavulana na wasichana pamoja, tufundishane mambo ya nyumbani: mtoto aliyeungua, aliyekunywa kitu, aliyejipaka kitu. Tumwite muuguzi atusahihishe. Mimi nitaanza na hili la mafuta, na nitaleta beseni.

Dada alirudi Mbarara siku ya nne. Alimbeba mtoto, akamnusa kichwani kama kina mama wanavyofanya, akasema, "Mbona nywele zake zimekuwa laini hivi?" Nikamwambia kwanza akae, nimweleze lile kopo lake la vaselini lilikoenda.